"Atatembea Tu": Neno la Kweli Linaloweza Kuchelewesha Tiba

Mama anaingia amembeba mtoto kiunoni. Hata kabla hajaketi ananiambia, "Daktari, wenzake wote wanakimbia. Huyu bado." Mtoto ana miezi 15. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto, na wazazi wengi huniita daktari.

Mtoto simshiki. Namwomba mama amweke chini, nami naketi sakafuni mbali kidogo. Juu ya kiti kifupi naweka kikombe kitupu cha plastiki. Mtoto anakitazama. Anatambaa mpaka kwenye kiti, anashika ukingo, anapiga goti moja, anajisukuma kwa mguu wa pili, huyo amesimama! Anaachia mkono mmoja achukue kikombe, kikombe kinaanguka. Anakunja magoti polepole, mkono mwingine bado uko kwenye kiti, anakiokota na kuinuka tena.

"Basi ndiyo hivyo," mama anasema. "Anaishia hapo hapo."

Kwa dakika hizo chache mimi nimeshaona karibu kila nilichotaka kuona. Mapaja yana nguvu ya kumshusha na kumpandisha. Upande wa kulia na wa kushoto unafanya kazi sawasawa. Mtoto ameona kitu, amekitaka, amepanga njia ya kukifikia. Yuko njiani na njia yake inasonga mbele. Huyu namwambia mama aendelee kumpa nafasi ya kucheza chini, tuonane baada ya miezi miwili. Kwake yeye, maneno ambayo bibi na majirani wamekuwa wakiyasema ni ya kweli kabisa: atatembea tu.

Kuna watoto wengine, hata hivyo, ambao maneno hayo hayo yamewapotezea mwaka mzima. Makala haya nayaandika kwa ajili ya hao.

Tuanze na umri wenyewe, maana hapo ndipo hofu nyingi zisizo na sababu huzaliwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Karibu watoto hao wote walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6, na wastani ulikuwa miezi 12 hivi. Tazama upana huo: kati ya wa mwanzo na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Kwa hiyo mtoto wa miezi 13 ambaye bado anasimama dede na kuketi haraka hajachelewa. Ana miezi minne ya halali mbele yake.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine ambalo huwashangaza wazazi wangu. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Wapo wanaojikokota kwa tumbo, wapo wanaobiringika, na wapo wanaosota kwa makalio huku mkono mmoja ukisukuma kama kasia. Wanaosota ni kundi la pekee. Ukimwinua mmoja kwapani ili umsimamishe, anakunja miguu mbele kana kwamba ameketi hewani, wala hataki nyayo ziguse chini. Mara nyingi nikiuliza, baba anacheka na kusema hata yeye aliambiwa alisota. Watoto wa namna hii wanaweza kufika karibu miaka miwili ndipo watembee, kisha wakatembea vizuri tu. Hata hivyo nasisitiza waonwe na mtaalamu, kwa sababu mtoto mwenye misuli dhaifu naye anaweza kuchagua kusota, na kwa macho ya nyumbani si rahisi kuwatofautisha.

Sehemu ya tofauti hizi imo kwenye damu ya ukoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha watoto zaidi ya 70,000 wenye asili ya Ulaya, ulikadiria kwamba karibu robo ya tofauti za umri wa kuanza kutembea inatokana na jeni. Hivyo swali la "wewe ulitembea lini?" si la kupoteza muda. Waulize bibi na babu wa pande zote mbili.

Mtoto njiti ahesabiwe kwa haki. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, anapofikisha miezi 16 tangu kuzaliwa, kwa makuzi ni wa miezi 14. Hesabu hiyo tunaitumia mpaka anapotimiza miaka miwili. Nimewahi kuona wazazi waliokosa usingizi wiki nzima kwa sababu tu hawakuambiwa watoe hizo wiki nane.

Na kuhusu akili: mzazi anayeniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wake "atakuwa mzito darasani" namjibu bila kusita. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walifuatilia watoto wenye afya zaidi ya 200 kwa miaka mingi, baadhi yao wakiwa wametembea kwenye miezi 8 na nusu na wengine kwenye miezi 20. Umri wa hatua ya kwanza haukuwa na uhusiano wa maana na akili yao walipokuwa wakubwa.

Sasa upande wa pili. Mpaka tunaoushika ni miezi 18. Mtoto aliyetimiza miezi 18, kwa hesabu sahihi ya njiti ikiwa ni njiti, na hajatembea hatua kadhaa peke yake, achunguzwe. Wengi wao watakutwa wazima. Lakini kufikia umri huo watoto wazima karibu wote wameshatembea, kwa hiyo miongoni mwa wanaobaki, wenye tatizo ni wengi zaidi. Ndiyo sababu kuanzia hapo nakataa kabisa jibu la "wavulana huchelewa". Katika uchunguzi ule wa WHO wavulana na wasichana hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. "Ni mnene ndiyo maana" nalo si jibu. Unene haufanyi uchunguzi usiwe wa lazima.

Zipo dalili nyingine ambazo hazingoji miezi 18. Asiyeweza kuketi bila kushikiliwa akiwa na zaidi ya miezi 9. Asiyekanyaga kabisa anaposhikiliwa, na ametimiza mwaka. Aliye legelege, ambaye ukimbeba anateleza mikononi kama nguo iliyolowa, au kinyume chake aliyekakamaa, ambaye ukimwinua miguu inapishana kama mkasi. Anayeburuta mguu mmoja au kuchechemea. Na hii hapa ambayo familia huishangilia: mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu kwa kila kitu. Watu husema atakuwa wa kulia kama baba yake, au wa kushoto kama shangazi. Katika umri huo mtoto hutumia mikono yote miwili. Akipendelea mmoja mapema hivyo, huenda ule mwingine ni dhaifu, na tatizo linaweza kuwa kwenye ubongo. Aliyekuwa akisimama au akitamka maneno kisha akaacha, huyo aletwe wiki hiyo hiyo.

Tunatafuta nini tukimwona? Mtindio wa ubongo, hasa kama mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alipata umanjano mkali au maambukizi ya ubongo. Nyonga iliyotoka mahali pake, ambayo huwapata zaidi wasichana na waliotanguliza makalio tumboni. Utapiamlo na upungufu wa damu, maana mtoto asiye na nguvu hana ya kutembelea. Tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha: hiyo hutibiwa kwa kidonge kila siku, na kila mwezi unaopotea bila kidonge hicho unaumiza ubongo unaokua. Upungufu wa vitamini D na kalsiamu, ambao hulainisha mifupa. Hapo utaona vifundo vya mikono vimepanuka, misuli imelegea, na mtoto akisimama miguu inapinda na anaumwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down huwa anatembea karibu na miaka miwili, na mazoezi yaliyoanza mapema humsaidia sana.

Kuna ugonjwa mmoja nitakaa nao kidogo, kwa sababu ulinifundisha kwa uchungu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa mvulana wa miezi 19 ambaye hajatembea. Niliona anasimama kwa kushika, nikawaambia wazazi wasubiri. Mwezi uliofuata akaenda tete, hatua tano, sita, na wote tukapiga makofi. Nikafunga faili. Alirudi akiwa na miaka minne, anaanguka anguka, hawezi ngazi. Nilimwomba aketi sakafuni kisha asimame. Alijigeuza akalala kifudifudi. Akapiga viganja na nyayo chini, makalio juu. Kisha mkono ukaja kwenye muundi, ukapanda kwenye goti, ukapanda kwenye paja, na mwingine ukafuata, hadi akawa amesimama. Alikuwa anaupanda mwili wake mwenyewe kama mtu anavyopanda mti. Namna hiyo ya kuinuka ilielezwa na daktari Mwingereza William Gowers mwaka 1879, na inaonyesha kwamba misuli ya nyonga na mapaja imedhoofika.

Ugonjwa wake ni Duchenne. Misuli hufa kidogo kidogo kwa kukosa protini moja inayoilinda. Huwapata karibu wavulana peke yao, takriban mmoja katika kila 5,000, kwa kuwa jeni yenye kasoro ipo kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu na msichana anazo mbili, na mama anaweza kuibeba bila kuumwa. Wengi hugunduliwa wakiwa na miaka minne au mitano, ingawa mguu ulishachelewa zamani. Tiba ya kuuondoa haijapatikana. Lakini zipo dawa zinazowaongezea watoto muda wa kutembea, moyo na mapafu huangaliwa kwa wakati, na wazazi wanapata ushauri kuhusu uzazi kabla ya ujauzito mwingine. Wazazi wa mvulana yule walikuwa tayari na mtoto wa pili wa kiume. Muda wa kuwashauri ulikuwa umepita, na sehemu ya muda huo niliupoteza mimi.

Tangu hapo, kila mvulana ambaye hajatembea kwenye miezi 18 naomba apimwe damu, kipimo cha kimeng'enya kiitwacho CK. Ni damu kidogo tu. Misuli inapokufa, kimeng'enya hicho huvuja na kupanda mara nyingi sana kuliko kawaida. Mzazi, kitaje kwa jina. Mtaalamu hatakasirika ukimuuliza, "Je, huyu hahitaji CK?"

Nyumbani kinachohitajika ni sakafu, na muda wa kuwa juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walihesabu nyendo za watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba kwa wastani mtoto hupiga hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Hiyo ndiyo shule yake. Mtoto anayekaa mgongoni, kwenye kiti au kwenye kitanda chenye uzio siku nzima anaikosa. Nasema hivi bila kumlaumu mama yeyote aliyembeba mwanawe. Kubebwa kwa upendo hakumpoozi mtoto. Tafuta tu dakika zake za kuwa chini.

Ndani ya nyumba miguu iwe mitupu, nyayo zihisi sakafu na vidole vishike. Panga vitu vizito visivyopinduka kwa umbali wa hatua moja moja, na kitu anachokipenda kiwe mwisho wa safari. Ukimwendesha, mshike nyonga. Ukimvuta kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa anakuegemea wewe na hajifunzi kujisawazisha.

Kile kigari cha mviringo chenye magurudumu, anachowekwa mtoto ndani akakimbia nacho, nawasihi mkiache. Hakiharakishi kutembea. Kinamfanya asukume kwa ncha za vidole, kinamficha miguu yake asiione, na usawa wa mwili anafanyiwa na fremu. Zaidi ya hayo kinamfikisha kwenye ngazi na kwenye moto kabla mtu hajageuka. Kanada iliona watoto wa kutosha wakiumia, ikapiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Mkija kliniki, njooni na kadi ya mtoto, umri wa ujauzito alipozaliwa, na kumbukumbu ya lini aliketi na lini alisimama kwa kushika. Mrekodini kwa simu akiwa nyumbani, akitoka chini kwenda juu, maana mbele ya wageni wengi hugoma. Nami nitakuwa sakafuni na kikombe changu. Na popote mtakapoambiwa mrudi nyumbani mkasubiri, msiinuke kwenye kiti kabla hamjauliza: tunasubiri kuona nini, na mpaka tarehe ngapi?