Gari lipo, abiria hayupo: dhana potofu kuhusu usafiri wa wazee na watu wenye ulemavu

Huduma za usafiri wa wazee na watu wenye ulemavu huanza kwa matumaini makubwa. Gari limenunuliwa, dereva ameajiriwa, namba ya simu imetangazwa. Baada ya muda viti vinaonekana vitupu, na mkubwa fulani anasema, "Kumbe hata hawakuwa na haja nayo." Kauli hiyo huniuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Haja ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa sahihi, na nafasi yake huchukuliwa na dhana kama hizi.

Dhana: Wangekuwa wanahitaji, wangepiga simu.

Mwenye shida kubwa zaidi ndiye ambaye tangazo humkosa kwanza. Bango halimfikii asiyeona, redio haimfikii kiziwi, na programu ya simu haimfikii mzee asiyekuwa na simu janja. Bango lililobandikwa kituoni, je, litamfikiaje mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hawezi kufika kituoni? Ndiyo maana tangazo moja halitoshi. Panahitajika maandishi makubwa, nukta nundu, sauti, lugha ya alama, na maneno mepesi kwa wenye ulemavu wa akili. Zaidi ya hayo, panahitajika watu wanaoaminika: mhudumu wa afya, kiongozi wa dini, jirani, na hasa abiria mwenzao ambaye ameshalipanda gari hilo na anaweza kueleza ilivyokuwa.

Yaliyomo kwenye tangazo nayo yana uzito. "Huduma bora kwa wote" ni maneno matupu kwa mtu anayejiuliza kama kiti mwendo chake cha umeme, ambacho ni kizito, kitapanda. Anataka kujua kama dereva atamfuata hadi mlangoni au atapiga honi barabarani. Msindikizaji analipa nauli? Gari linaombwa siku ngapi kabla? Na kurudi je? Hilo la kurudi ndilo naona linasahaulika kuliko yote, ingawa anayejua kwamba atafika lakini hajui atarudi vipi hatoki nyumbani kabisa. Inasaidia sana kumpa mtu safari ya kwanza ya kujifunza, akiwa na mtu wa kumwelekeza: hapa unalipa, hapa unafunga mkanda, hapa unabonyeza ukitaka kushuka.

Dhana: Ni ya wanaotumia viti mwendo.

Wapo wenye ugonjwa wa moyo, baridi yabisi, uoni hafifu, kifafa, au kumbukumbu inayopotea kiasi cha kushuka kituo kisicho chao. Kwa kuwatazama tu, huenda usitambue. Wengi wao hawaombi huduma kwa sababu wanadhani watakuwa wanawanyang'anya nafasi "wenye ulemavu wa kweli".

Upande wa pili, uzee peke yake haumpi mtu sifa kila mahali. Nchini Marekani, chini ya sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, huduma ya gari maalumu inayoambatana na mabasi ya kawaida hutolewa kwa mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kutumia mabasi hayo. Kufikisha miaka 80 pekee hakutoshi. Kwingineko umri ndio kigezo. Basi vigezo viandikwe waziwazi tangu mwanzo, maana mtu aliyejaza fomu ndefu akakataliwa atawasimulia wenzake wote.

Dhana: Ni kwa ajili ya kwenda hospitali tu.

Sheria hiyohiyo ya Marekani inakataza kuipa safari moja kipaumbele kuliko nyingine kwa sababu ya lengo lake. Naiona kuwa sheria yenye utu. Mtu huenda kazini, sokoni, kwenye ibada, msibani, kumtembelea rafiki. Anayetolewa nyumbani kwa ajili ya daktari tu hukumbushwa ugonjwa wake kila anapovuka kizingiti.

Dhana: Watoto wao watawapeleka.

Wengine hawana watoto. Wenye watoto nao hujifunza kuomba safari zile za lazima pekee; nyingine wanazimeza moyoni wasije wakawa mzigo. Mwana naye hulazimika kuomba ruhusa kazini kila mara. Familia zielezwe kwamba kumwandikisha mzazi kwenye huduma si kumtupa. Ni kumrudishia uwezo wa kusema "leo natoka" bila kusubiri ratiba ya mtu mwingine.

Dhana: Gari maalumu likishapatikana, mabasi ya kawaida yabaki yalivyo.

Gari maalumu huombwa mapema. Basi unalipanda ulipoamua. Curitiba, nchini Brazili, ilijenga vituo vyenye jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, na abiria wanaingia bila kupanda ngazi. Anayefaidika ni mwenye kiti mwendo, mzee mwenye mkongojo, mama mwenye kigari cha mtoto na msafiri mwenye masanduku. Hata hivyo, basi zuri halifai kitu ikiwa njia ya kwenda kituoni imejaa mashimo au dereva anaondoka kabla mzee hajakaa.

Dhana: Ni hisani.

Mwaka 1978, mjini Denver, wanaharakati 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi barabarani na kulala hapohapo usiku kucha, wakidai haki ya kupanda kama wengine. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara ya 9 inataka usafiri ufikike na Ibara ya 20 inazungumzia uhuru wa mtu kwenda atakako.

Wanaotangaza huduma wakumbuke hilo wanapochagua picha. Tangazo lenye mzee aliyeinamisha kichwa akisaidiwa kuinuliwa linaweza kuchangisha fedha, lakini halimvuti abiria, kwa kuwa hakuna anayependa kujiona hivyo. Aonyeshwe amekaa kitini akielekea kazini, na chini yake namba ya simu kwa tarakimu kubwa, pamoja na namba ya kutuma ujumbe kwa asiyesikia.