Samaki wa Miezi Miwili ya Mwandamo

Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana Nyali na Bamburi, watu hutembea hadi karibu na mwamba wakipindua mawe kutafuta pweza na makome. Wengi hawajui kwamba chini ya nyayo zao, kwenye nyufa za matumbawe, wanaishi samaki wa jenasi ya Eviota, wadogo hata pingili ya kidole inawazidi.

Mmoja wa jamii hiyo, Eviota sigillata, alichunguzwa kwenye miamba ya Great Barrier Reef, Australia. Mwaka 2005 watafiti Martial Depczynski na David Bellwood walitangaza kuwa mkongwe kuliko wote waliowapata alikuwa na siku 59. Wakati huo hakukuwa na mnyama mwenye uti wa mgongo aliyejulikana kuishi muda mfupi zaidi. Kwa hesabu ya sisi watu wa pwani, hiyo ni miezi miwili ya mwandamo, mmoja wa siku 29 na mwingine wa 30. Akianguliwa Rajabu ikiandama, Ramadhani haimkuti.

Umri huo haukukisiwa. Kichwani mwa samaki mna vijiwe vya sikio vinavyoongezeka utando mmoja kila siku. Kijiwe husuguliwa hadi kiwe chembamba, kisha pete zake huhesabiwa kwa hadubini. Kwangu mimi hiyo ni shajara ya maisha, imeandikwa ndani ya punje ya mchanga.

Wiki tatu za mwanzo huelea baharini akiwa lava, yaani kitoto cha samaki ambacho hakijakomaa. Wiki moja au mbili zinazofuata hutua mwambani na kukomaa. Zinazobaki, kama tatu na nusu hivi, ndizo za kuzaa: jike hutaga, dume hulinda mayai.

Anakimbizana na midomo ya wengine. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba samaki wadogo wa kujificha namna hii hutoa karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa mwambani. Juya haliwezi kumnasa, macho ya wavu ni makubwa kwake, lakini likiburutwa huvunja matumbawe anamojificha, na wanaomla hukosa riziki.

Basi ukishuka mwambani, kanyaga mchanga. Jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyolala, upande uleule chini. Huenda lina dume juu ya mayai yake, naye hana siku za kuanza upya.