Vijana Wawili Wenye Beji Nyeusi: Maisha ya Mmisionari Mgeni Mombasa

Ukikaa Kisauni, Mikindani au Changamwe, huenda umewaona: vijana wawili, mashati meupe, beji nyeusi kifuani, wanatembea kwa miguu jua la saa saba likiwaka. Majirani huniuliza kuwahusu. Wengine hudhani ni watalii waliopotea njia, wengine ni watu wa shirika la misaada. Mimi ni kiongozi wa misheni katika tawi letu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, ingawa tangu 2018 viongozi wetu wanaomba litajwe kwa jina lake kamili. Nilitumikia misheni nje ya Kenya nikiwa kijana, na sasa nakutana na vijana hawa kila wiki kupanga watamtembelea nani na watakula kwa nani.

Vijana hawa ni wamisionari wa kanisa letu. Hawalipwi mshahara, hilo lieleweke mwanzo. Mmisionari hujigharimia, yeye au jamaa zake. Tangu Julai 2020 anayetoka Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi, awe ametumwa Tokyo au Mombasa. Pesa zote huingia mfuko mmoja, kisha kila mtu hupewa posho ya chakula na nauli kwa kadiri ya maisha ya pale alipo. Pa kwenda hachagui. Hupokea wito kutoka Salt Lake City, Marekani, makao makuu ya kanisa letu, na akishaitikia, mvulana hukaa miaka miwili, msichana miezi 18. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19 (tangu Novemba 2025 nao huanza wakiwa na 18), na ndipo wasichana wakaanza kujitokeza kwa wingi kuliko zamani. Wala usidhani wote ni Wamarekani: tumeletewa pia vijana wa nchi jirani na wa kusini mwa Afrika.

Siku yao huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi ya viungo, kuoga, kiamsha kinywa, kisha kusoma maandiko, kila mtu peke yake na baadaye wote wawili. Asiyejua Kiswahili hutengewa muda wa kujifunza. Halafu ni mtaani hadi saa tatu usiku, na taa huzimwa saa nne na nusu. Hawatazami sinema, hawana wapenzi. Baharini hawaogelei, sheria ambayo huwashangaza sana watoto wa Bamburi.

Watu hunipa pole kwa niaba yao kwa sababu ya joto na milango wanayofungiwa. Joto la Februari kweli si mchezo, lakini mwili huzoea, na mlango ukifungwa kuna mwingine. Kitu kigumu kuliko vyote katika misheni, kwa maoni yangu, ni mwenza.

Mmisionari hayuko peke yake hata siku moja. Hupewa mwenza asiyemchagua, na sheria ni kwamba wasipoteane machoni wala masikioni isipokuwa bafuni. Wanalala chumba kimoja, wanapika sufuria moja, wanagawana feni moja. Mmoja anataka madirisha wazi, mwingine anaogopa mbu. Mmoja hawezi kumaliza siku bila ugali, mwingine ugali haumpiti kooni. Wakikosana hakuna pa kwenda kupoza hasira, maana atakapokwenda huyu na yule lazima afuate. Kila wiki huketi wakaambiana yaliyowakwaza, na baada ya majuma sita hivi uhamisho unaweza kuwatenganisha, mmoja akapelekwa bara na mwingine akabaki kumpokea mgeni mpya.

Nakumbuka wawili fulani, mmoja wa Marekani na mmoja wa Afrika Mashariki. Wa kwanza alikuwa na mwendo wa kukimbia. Salamu kwake ilikuwa "habari", na mguu umeshapita. Mwenzake hakumpita mzee hata mmoja. Shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mguu vipi leo. Siku moja nilikuwa nao, tunapanda njia ya mchanga kwenda kwa mama mmoja mgonjwa. Yule wa haraka alitangulia hatua kumi, akasimama, akatazama saa, akangoja. Sheria haikumruhusu kwenda mbele zaidi. Akarudi. Baada ya muda alianza kuwa wa kwanza kusimama, mkono kifuani, akisema shikamoo yake kwa lafudhi nzito, na wazee wakimwitikia marahaba kwa furaha. Mimi ningeweza kumhubiria adabu za Pwani mwezi mzima na asingezishika vile. Mwenza alimshikisha kwa kumchelewesha tu.

Chai nayo ina kesi yake. Sisi tunafuata Neno la Hekima, mafundisho aliyopokea Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, mwaka 1833, na kwa hiyo hatunywi pombe, hatuvuti tumbaku, hatunywi kahawa wala chai ya majani. Sasa mtu wa Pwani amekuwekea birika, chai ya maziwa yenye iliki, mahamri na mbaazi pembeni, nawe unasema hapana? Hilo ni tusi. Ninachowafundisha ni kusema mapema, kabla birika halijatoka jikoni: "Mama, twashukuru sana, maji yatutosha." Mahamri wale, mbaazi wale, wasiache kitu sahanini. Mwenyeji akiona wamekula, kikombe atasahau. Juisi ya ukwaju na dafu huwanusuru mara nyingi.

Kuna sheria nyingine ambayo hapa haihitaji maelezo marefu. Vijana wa kiume wakikuta mwanamke yuko peke yake nyumbani, hawaingii. Lazima awepo mwanamume mwingine mtu mzima, ama mazungumzo yafanyikie nje. Mombasa tuna baraza, basi huketi barazani, mlango wazi, wapita njia wakiwaona. Majirani Waislamu wameniambia kwamba hilo pekee limewafanya wawaheshimu vijana hawa.

Barazani hapo ndipo huulizwa maswali mazito, na moja huja mara kwa mara: mbona kanisa lenu lilichelewa kuja Afrika? Jibu ni kwamba hadi Juni 1978 wanaume weusi hawakuruhusiwa kupokea ukuhani katika kanisa letu, yaani mamlaka ya kuendesha ibada na kuongoza matawi. Kenya tulisajiliwa mwaka 1991, na hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025. Mimi ni mtu mweusi na jambo hilo la kabla ya 1978 linaniuma hadi leo. Nawaambia vijana wasilikwepe swali wala wasilizungushe, hasa mzungu wa miaka 19 anayeulizwa na babu mwenye umri wa kumzaa baba yake.

Jumatatu ni siku ya maandalizi. Wanafua kwa mikono, na kola ya shati jeupe iliyotembea Magongo wiki nzima haitoki kwa povu la juu juu. Inasuguliwa kwa kipande cha sabuni, kola juu ya kola, inaanikwa juani ikiwa bado na povu, ndipo isuuzwe. Wanakwenda Kongowea kununua nyanya na viazi. Kisha wanapiga simu nyumbani. Hadi mwanzo wa 2019 mmisionari aliongea na wazazi wake Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Siku hizi ni kila wiki, kwa video, na nimefurahi sana kwa mabadiliko hayo, kwa sababu nilijua mama zetu waliumia vipi.

Wakibisha hodi kwako na hutaki mazungumzo yao, nina ombi moja. Sisi watu wa Pwani tunaona haya kukataa, tunasema "njooni siku nyingine, inshallah." Wao huandika siku hiyo kwenye mpango wa wiki, hulipa nauli ya matatu na kurudi, tena na tena, huku mgonjwa aliyewaomba waje Likoni anangoja. Waambie tu kwamba hutaki. Watakushukuru, watakuombea heri, na muda huo watampa aliyewaita.