Nyambizi U-977 haikumbeba Hitler

Bado wapo wanaosimulia kwamba Hitler alitoroshwa hadi Argentina ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-977. Kilicholisha uvumi huo ni tarehe: Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, nayo nyambizi hii ikajitokeza Mar del Plata, bandari ya Argentina, tarehe 17 Agosti. Ilikuwa wapi muda wote huo?

Ilikuwa njiani. Iliondoka Kristiansand, Norwei, tarehe 2 Mei chini ya nahodha Heinz Schäffer. Vita vilipokwisha aliwapa mabaharia wake hiari, na 16 kati yao wakashushwa pwani ya Norwei warudi makwao. Hapo ndipo hadithi inapovunjika, kwa maoni yangu: nani mwenye abiria wa siri kama huyo angewaachia mashahidi 16 wajiendee zao? Waliobaki walivuka Atlantiki polepole, sehemu ya safari wakiwa chini ya maji, injini zikivuta hewa kwa bomba maalumu.

Argentina na Marekani ziliwahoji. Hakuna dalili yoyote ya Hitler iliyopatikana. Yeye alijiua Berlin tarehe 30 Aprili, na meno yake yalitambuliwa mwezi uliofuata na wasaidizi wa daktari wake wa meno. Mwaka 2017 wataalamu wa Ufaransa waliyachunguza tena huko Moscow wakathibitisha ni yake.

U-977 pia ilisingiziwa kuizamisha manowari ya Brazili, Bahia, Julai 1945. Ukweli ni kwamba risasi za mazoezi za Bahia yenyewe zililipua mabomu yaliyokuwa sitahani. U-977 haikuwahi kuzamisha meli hata moja.