Mtoto katolewa majini hapumui: usimgeuze kichwa chini!

Kwani samaki anapumua vipi mle majini na sisi tunakufa?
Samaki hana mapafu, ana matamvua. Ukinunua changu sokoni mfunue shavu utaziona zile nyuzi nyekundu zimepangana kama kitana, maji yanaingia mdomoni yanapita pale damu inavuta oksijeni. Na oksijeni ya majini ni kidogo mno, hata asilimia 1 haifiki, hewa ina kama 21, pafu la binadamu haliwezi kuifuata humo.

Pomboo na kasa je?
Wale wana mapafu kama wewe, lazima waje juu kuvuta hewa. Ndo maana kasa akinaswa na jarife akikosa kupanda juu anakufa maji, na yeye ni wa bahari kabisa.

Na kaa anakaaje hai siku nzima kwenye kikapu?
Ana matamvua pia, bora yabaki na unyevu.

Mtoto katolewa majini hapumui, nimgeuze kichwa chini maji yatoke?
HAPANA. Hapa Lamu sisi madaktari tunaletewa watoto wamebebwa begani kichwa kinaning'inia kutoka ufukweni mpaka mlangoni kwetu, watu watano wanakimbia na hakuna hata mmoja aliyempulizia pumzi. Jamani! Yale maji yanayomwagika mengi ni ya tumboni, na yakipanda juu yanaingia mapafuni. Kinachomuua ni kukosa hewa, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6, na nyinyi mnahangaika na maji.

Mlaze chali hapo hapo mchangani, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza mara 5 uone kifua kinapanda. Bado hapumui? Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na haraka, kifua kishuke kama thuluthi, kisha puliza 2, rudia, usiache mpaka apumue au mfike kwa daktari. Mwengine apige simu na atafute boti.

Nimkamue tumbo kidogo tu?
Hata kidogo usimkamue. Akitapika mgeuze ubavu, mpanguse mdomo, endelea kupuliza.

Ameamka, analia, tumpe chai alale tuone asubuhi?
Hapana, tena hapana! Aliyepoteza fahamu au kupuliziwa pumzi anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika baada ya masaa, mtoto ambaye jioni alikuwa anakohoa kidogo tu usiku anahema mbio, mbavu zinaingia ndani, povu mdomoni, midomo inageuka buluu, au analala haamshiki. Hapo mama ananiambia "lakini alikuwa mzima daktari".

Nyinyi wa kisiwa cha Pate mnaongoja mkondo wa Mkanda, ile njia ya bahari ya kuja Lamu, ujae maji ndo mashua ipite, msingoje dalili kwanza. Mpelekeni kituo kilicho karibu akapewe oksijeni, boti itamkuta huko.