Si Mwanga, ni Nguzo: Tunayodhania Kuhusu Kucheza Leza Tagi na Watoto

Mwanangu ana miaka tisa. Kabla hatujaingia kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa leza tagi, mchezo wa kulengana gizani kwa bunduki za mwanga, nilimuuliza mhudumu swali moja tu: hiyo leza haitamuumiza macho? Akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo tangu asubuhi. Robo saa baadaye tukatoka. Macho ya mwanangu yalikuwa mazima kabisa, ila mimi nilikuwa na nundu kwenye paji la uso, kwa sababu nilikumbatia nguzo gizani nikidhani ni njia.

Tangu siku hiyo huwa nasikiliza wazazi wenzangu wanavyouzungumzia mchezo huu. Karibu wote wanaogopa kilekile nilichokiogopa. Nguzo hakuna anayeitaja.

"Leza itampofusha mtoto"

Neno lenyewe linatisha. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na tangu hapo tumezoea kusikia kwamba inakata vyuma viwandani na kupasua macho hospitalini. Mtu akiambiwa kwamba mwanawe atalengwa leza kifuani, ana haki ya kushtuka.

Lakini katika kumbi nyingi kinachompiga mtoto si leza. Ni mwanga wa infraredi unaotoka kwenye kitaa kidogo cha LED, ndugu wa kile kilichopo kwenye ncha ya rimoti ya televisheni. Jicho la binadamu haliuoni. Ukibonyeza kifyatulio, kitaa hicho kinapepesa kwa kasi kubwa mno. Kwa rimoti nyingi ni takriban mara 38,000 kwa sekunde, na vifaa vya mchezo huu hufuata mtindo huohuo. Ndani ya kupepesa huko mna namba ya bunduki yako. Vihisi vilivyoshonwa kwenye kizibao cha mpinzani, kifuani, mgongoni na mabegani, vimetengenezwa vipuuze mwanga wowote usiopepesa kwa mpangilio huo. Vikiupata, kizibao kinalia, taa zake zinazimika kwa sekunde chache, na kompyuta inaandika kwamba fulani amempiga fulani.

Ukitaka kuhakikisha, chukua rimoti ya nyumbani, ielekeze kwenye kamera ya simu, ubonyeze kitufe. Mara nyingi utaona kidoa cha rangi ya zambarau kikimetameta kwenye kioo. Kamera ya nyuma ikikataa jaribu ya mbele, maana baadhi ya kamera huchuja mwanga huo zaidi kuliko nyingine. Mwanangu alipoona kidoa hicho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kwa hiyo mimi ni televisheni?" Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya mchezo huu.

Mwanga huo ukiujua, mambo mengi yaliyokuwa ya ajabu yanaeleweka. Unarudishwa na vioo na kuta laini, kwa hiyo mtu anaweza kupigwa na adui aliyejificha nyuma ya kona bila wawili hao kuonana. Watu wawili wakimlenga mtu mmoja kwa wakati uleule, ishara zao huweza kuvurugana na kihisi kisielewe lolote. Na ukiuchezea mchezo nje mchana wa jua kali, bunduki zinaonekana kama zimelewa, kwa kuwa jua lenyewe linamwaga infraredi tele. Mtoto analalamika kwamba bunduki yake ni mbovu, kumbe ni jua.

Sasa, upande wa pili wa ukweli, ambao waliokwisha kuuona mchezo huu watanikumbusha. Ule mstari mwembamba mwekundu au wa kijani unaoonekana ukipasua moshi ni leza kweli. Umewekwa ili mchezaji ajue analenga wapi, na pia kwa urembo. Leza hupangwa kwa madaraja ya usalama. Ile inayoonekana ya daraja la 2 haizidi miliwati 1, na kinga yake ni jicho lenyewe, ambalo hufumba ndani ya robo sekunde likimulikwa. Kinga hiyo inafanya kazi kwa mtu ambaye hajakusudia kukodolea. Mtoto mwenye kiherehere cha kutazama ndani ya mdomo wa bunduki ili aone inatokea wapi anaivunja kinga hiyo kwa makusudi, basi mwambie kabla hajavaa kizibao. Na swali la kumuuliza mhudumu, badala ya lile langu, ni hili: leza inayoonekana kwenye bunduki zenu ni ya daraja gani? Ukumbi unaojua kazi yake utakujibu.

Ningeongeza hapa kwamba vielekezi vya leza vinavyouzwa ovyo kama vitu vya kuchezea vinastahili woga kuliko bunduki hizi. Vimewahi kupimwa vikakutwa na nguvu kuliko iliyoandikwa kwenye lebo. Mzazi anayekataa leza tagi huku mtoto wake akimulika paka na kielekezi sebuleni ameukamata mkia akaacha kichwa.

"Ni mchezo uliotoka jeshini"

Ni kweli nusu. Jeshi la Marekani lilikuwa na mfumo wake wa mazoezi uitwao MILES mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambamo askari walilengana kwa leza za infraredi badala ya risasi. Lakini ukumbi wa kwanza wa kibiashara, Photon, ulifunguliwa na George Carter huko Dallas mwaka 1984, na yeye hakulitoa wazo lake kambini. Alilipata baada ya kutazama filamu ya Star Wars mwaka 1977. Miaka miwili baada ya ukumbi huo, bunduki za aina hii zilikuwa tayari zinauzwa madukani kwa ajili ya watoto.

"Anayekimbia ndiye mshindi"

Hapa ndipo nundu yangu ilipopatikania, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watoto huingia wakiwa wamejaa mbio. Mlango ukifunguka tu, wanachomoka kama kuku waliofunguliwa bandani. Wazazi nao, hasa sisi tuliokuwa hodari shuleni, tunataka kuonyesha kwamba miguu bado ipo. Karibu kila ukumbi una kanuni ya kutokukimbia, na karibu kila mtu huichukulia kama zile ilani za mlangoni zisizosomwa. Kumbe ndiyo kanuni iliyobeba usalama wote wa mchezo. Ukumbi ni mlolongo wa kuta zilizopakwa rangi nyeusi, kona kali, ngazi na miinuko, gizani, ndani ya moshi, na watu ishirini wanaotazama nyuma huku wakienda mbele. Mwanga wa infraredi haujamvunja mtu jino. Paji la uso la mtoto wa mwenzako likikutana na mdomo wa bunduki ya plastiki, hapo ndipo kazi inapoanza. Watoto ni wafupi. Bunduki ya mtu mzima anayegeuka ghafla iko usawa wa nyuso zao. Shika yako kwa mikono miwili, karibu na kifua. Bunduki nyingine hazifyatuki usipozishika kwa mikono miwili, na sababu ndiyo hiyo.

La kuchekesha ni kwamba mbio hazisaidii hata kwenye alama. Anayekimbia halengi, na kizibao chake kinachometameta kinamtangaza kila anapopita. Mwanangu aligundua hili mchezo wa pili. Alichagua kona moja yenye tundu la kuchungulia, akachuchumaa, akawa anasubiri kama mvuvi. Mimi nilipita mbele ya tundu lile mara tano nikidhani nimepigwa na watu watano tofauti.

Wembamba na ufupi wake ulimsaidia pia. Watu wazima tunalenga usawa wa vifua vya watu wazima wenzetu, na vichwa vyetu vinachungulia juu ya kuta ambazo mtoto anazipita bila hata kuinama. Anayedhani mtoto ataonewa na wakubwa hajawahi kucheza na mtoto. Tatizo lao ni kizibao tu. Kikiwa kikubwa kinaning'inia hadi mapajani, vihisi vinageukia pembeni, na mkanda unawachoma shingoni. Kaza mikanda kabla ya mlango kufunguliwa, kwa sababu ndani hutaiona.

"Akishaingia atazoea giza"

Hatazoea, na wewe hutazoea. Jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza vizuri, na mchezo mmoja kwa kawaida ni wa dakika 10 hadi 20. Maana yake filimbi ya mwisho inalia macho yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kazi, tena kila kizibao kinachowaka mbele yako kinarudisha hesabu nyuma. Kwa mtoto anayeogopa giza hili si jambo dogo, na kumsukuma ndani kwa kumwambia kwamba woga ni wa watoto wadogo ni kumharibia mchezo na pengine siku nzima. Omba muingie kutazama kabla ya zamu yenu, taa zikiwa zimewashwa kama inawezekana. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba lile pango la kutisha ni mbao na rangi huingia kwa moyo mwingine.

Kuna mambo mawili yanayoambatana na giza ambayo wazazi huyapita. Moshi ule kwa kawaida si wa kitu kinachoungua. Ni mvuke wa maji yaliyochanganywa na glaikoli au gliserini. Kwa wengi hauna shida, lakini mwenye pumu anaweza kuanza kukohoa na kubanwa, kwa hiyo dawa yake ya kuvuta iwe kwako, si kwenye begi lililofungiwa kabatini nje. La pili ni taa za kumwekamweka. Katika watu wenye kifafa, takriban 3 kwa kila 100 wana kile kinachochochewa na mwanga, na hutokea zaidi kwa watoto na vijana. Mimweko ya hatari ni ile ya kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Uliza kama ukumbi una taa hizo, na kama zinaweza kuzimwa kwa zamu yenu.

"Ukivaa nyeusi huonekani"

Taa nyingi za kumbi hizi ni za urujuanimno, mwanga mwingine ambao jicho haliuoni, na sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha zinazogeuza mwanga huo kuwa wa buluu. Shati jeupe linawaka kama taa ya barabarani. Nyeusi ni afadhali, mradi haina vumbi la pamba. Vinginevyo unakuwa anga lenye nyota. Na hata ukiwa mweusi ti, bado umevaa kizibao chenye taa.

"Kuziba kihisi kwa mkono ni ujanja"

Ni udanganyifu, na mhudumu akikuona atakutoa. Cha kusikitisha ni kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi ni akina baba na akina mama, si watoto.

"Unamfundisha mtoto kupiga watu risasi"

Sitaibeza hofu hii. Kuna familia ambazo bunduki, hata ya plastiki, si jambo la mchezo kwao, na uamuzi wao nauheshimu. Ila nilichokiona mimi ukumbini kilinikumbusha kombolela kuliko vita: kujificha, kunyata, kucheka mno hadi unajifichua, kisha kugombana kuhusu nani alimwona nani kwanza. Aliyepigwa haanguki. Anasubiri sekunde chache, anarudi mchezoni. Kama mtoto wako anatoka akiwa na hasira au akitaka kumlenga mdogo wake nyumbani, hilo ni la kuzungumza naye wewe, na pengine la kumpumzisha.

"Mzazi mwema humwachia mtoto ashinde"

Nilijaribu mchezo wa tatu. Nilijiweka wazi mara mbili tatu, nikalenga ukuta, nikajisifu moyoni kwa ukarimu wangu. Nilisahau kwamba mfumo unatunza hesabu ya kila kitu. Tulipotoka tulipewa karatasi: umefyatua mara ngapi, umelenga kwa asilimia ngapi, umempiga nani na nani amekupiga wapi, kifuani au mgongoni. Mwanangu aliisoma kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwenye daftari zake za shule. Akaweka kidole kwenye mstari wangu.

"Mama, hapa umefyatua mara mia na kumi na mbili, mimi umenipiga mara sifuri."

Nikamwambia bunduki yangu ilikuwa na hitilafu.

"Mchezo wa kwanza ulinipiga mara tisa," akasema, na akaniomba turudie, safari hii bila hitilafu.