Sahara iliwahi kulala chini ya barafu, na ushahidi uko kwenye mawe

Nikiwaambia wageni hapa makumbusho kwamba Sahara iliwahi kufunikwa na barafu wanacheka, wanadhani nawapiga fiksi. Haya, nenda Tassili n'Ajjer kusini mwa Algeria, utakuta mawe ya mchanga yana michirizi iliyonyooka sambamba, kama sufuria iliyosuguliwa na stilwaya kwenda upande mmoja tu, na hiyo si kazi ya upepo, ni barafu nene ilikuwa inajiburuta hapo na kokoto tumboni. Wajiolojia wa Kifaransa waliikuta miaka ya 1960, wenyewe walikuwa kwenye shughuli za mafuta.

Barafu hiyo ni ya kipande cha wakati tunachokiita Hirnanti, mkia wa kipindi cha Odovisia, miaka milioni 445 hivi iliyopita. Ni kafupi, kama miaka milioni 2 au pungufu, ila kalifanya fujo jamani. Afrika ilikuwa sehemu ya bara moja kubwa, Gondwana, na ncha ya kusini ya dunia ilikuwa huku Afrika Kaskazini. Hata Tigray, Ethiopia, mawe ya barafu hiyo yapo.

Sasa barafu yote hiyo maji yake yametoka wapi? Baharini. Bahari ikashuka makumi ya mita, zile bahari za kina kifupi zikakauka na viumbe karibu wote walikuwa wanaishi humo, nchi kavu kulikuwa hamna kitu cha maana. Spishi kama asilimia 85 za baharini zikapotea, kwa awamu mbili, baridi ilipoingia na tena barafu ilipoyeyuka.

Jina Hirnanti limetoka bonde la Cwm Hirnant, Wales, lakini alama rasmi ya mwanzo wake iko Wangjiawan, China, ilipitishwa 2006, manake kule tabaka zimejaa graptolaiti. Ukipasua jiwe unaona kitu kama kipande cha msumeno kimechorwa kwa penseli, hicho kilikuwa koloni la vidudu vilivyoelea baharini, na aina zake zinabadilika haraka kwa hiyo tunazisoma kama kalenda.

Barafu ilipoisha bahari ikarudi juu ya Sahara, ikalaza tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe. Sehemu kubwa ya mafuta na gesi ya Algeria, na baadhi ya ile ya Libya, imepikika humo, yaani wale Wafaransa walikuwa wanashangaa michirizi na walichokifuata kilianzia hapohapo.